Kuunga Kunakoacha Mshono

Wazee wa Igembe, walimu, wanafunzi, na wafanyabiashara mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza: neno muungano limesemwa mara nyingi mno katika siasa za Kenya hata limeanza kuchakaa. Kila uchaguzi unapokaribia, viongozi hupanda majukwaani Maua, Laare na hapa Kangeta wakitangaza muungano mpya, na kila uchaguzi unapopita tunasikia kwamba umevunjika. Wengi wameamua kwamba ubaya uko katika tabia za wanasiasa. Sikatai. Ila nadai kwamba liko kosa jingine, nalo limelitangulia hilo: tunadai kutoka kwa muungano kitu ambacho neno hili halikuahidi kamwe. Tunataka utufanye kitu kimoja kisicho na mshono, na mshono ukionekana tunalia kwamba tumesalitiwa. Wasemaji wa Kiswahili hawalitumii neno hivyo wanapofanya kazi zao. Kwao kuunga ni kukutanisha vitu ambavyo kila kimoja kinaendelea kuwa chenyewe, na pale vinapokutana ndipo penye kazi, ndipo pa kutunzwa, na ndipo panapoweza kuachia. Dai hili nitalipima kwanza kwa matumizi ya neno, kisha kwa sheria na historia, kwa sababu neno lisilopimwa kwa mambo yaliyotokea ni pambo tu.

Kwanza tusafishe njia. Si kila neno lenye sauti hii ni la ukoo huu. Unga wa mahindi, ambao bei yake imewatia jasho wanasiasa wengi wa nchi hii, si ndugu wa kuunga. Ungo wa kupepetea pia si ndugu, wala kuungama dhambi. Nataja jambo hili kwa sababu wapo wasemaji hodari wanaopenda kutuambia kwamba punje zikisagwa huungana zikawa unga, nasi tunapiga makofi. Ni maneno matamu, lakini hayafai kuwa ushahidi, tena yanageuza maana juu chini: punje ikishasagwa haiitwi punje tena. Ukoo wenyewe ni kuunga, kuungana, kuunganisha, kiungo, maungo, kiunganishi, muungano. Hao wanatosha.

Chukueni maungo. Mtu anayeoga huosha maungo, na uti wa mgongo huitwa pia uti wa maungo. Lugha imeutaja mwili mzima kwa jina la mahali sehemu zake zinapokutana, kana kwamba nyama na mifupa si mwili bado mpaka vishikane. Goti ni kiungo, kiwiko ni kiungo, bega ni kiungo. Mfupa wa paja haukugeuka kuwa mfupa wa muundi kwa sababu umekutana nao gotini. Ingekuwa hivyo, mguu ungekuwa gongo moja lililonyooka, na hakuna kijana wa Igembe ambaye angeweza kuupanda mti wa miraa. Nguvu ya mguu inatokana na mifupa kubaki miwili na kushikana.

Ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye vitalu vya avokado. Mkulima wa Meru au Embu anayetaka Hass hategemei mbegu ya Hass, kwa kuwa mbegu ya avokado hairudishi kwa uhakika tunda la mama yake. Anaotesha mbegu ya avokado la kienyeji. Mche ukifikia unene wa penseli unakatwa, kijiti cha Hass kinachongwa kama kabari, kinaingizwa kwenye mpasuko na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Mche sasa umeungwa. Majirani zetu wa Tanzania husema pia umebebeshwa. Baada ya wiki kadhaa nyama ya mti imeshikana, na maji yanapanda kutoka mizizi ya kienyeji hadi majani ya Hass. Je, umekuwa mti mmoja? Mpita njia atasema ndiyo. Mkulima anajua vingine. Juu ya kovu kila tunda ni Hass. Chini ya kovu kila chipukizi ni la kienyeji, na asipolikata litanyonya nguvu hadi Hass idhoofike. Mizizi ile haikuchaguliwa ili igeuke kuwa Hass. Imechaguliwa kwa ukienyeji wake, kwa kuwa inauvumilia udongo wa hapa. Na mnunuzi mwenye akili hulitafuta kovu kabla ya kutoa pesa, maana mche usio na kovu ni mche wa mbegu, na hakuna ajuaye utazaa nini. Hivyo hivyo kwa makadamia. Katika kazi hii, ambayo watu wa milima yetu wanaifanya kwa mikono yao, mshono ndio dhamana ya mali.

Hapo mpishi atanipinga, na ana haki. Tunaunga mboga: tunaweka mafuta, kitunguu, nyanya, na kwa watu wa pwani tui la nazi, na vinavyotiwa tunaviita viungo. Tui likishaingia kwenye maharagwe nani atalitoa? Je, kuunga huku si kuchanganya? Nakubali kwamba jikoni mpaka wa maneno haya ni mwembamba kuliko mahali pengine popote, na asiyekubaliana nami ataanzia hapo. Lakini sikilizeni jina la chakula chenyewe. Ni maharagwe ya nazi, ni kisamvu cha nazi, ni samaki wa nazi. Kilichoungwa kimebaki na jina lake na kimesimama mbele. Kiungo kimekuja kukikoleza kile kilichokuwapo, ndiyo maana kisichoungwa huitwa chukuchuku, yaani kipo ila kimepungukiwa. Linganisheni na mukimo. Viazi, mahindi na majani ya maboga vikishapondwa pamoja havina majina tena mezani. Kuna mukimo tu. Kuponda kumezaa jina jipya na kuyafuta ya zamani. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta, nayo ipo hata pale inapoonekana kufifia.

Sarufi inanisaidia zaidi ya jikoni. Walimu wa Kiswahili huyaita viunganishi maneno kama na, au, ama, bali, lakini. Tulikariri orodha hiyo darasani bila kushtushwa na jambo lililomo: lakini ni kiunganishi. Bali ni kiunganishi. Sentensi mbili zinazopingana, moja ikisema ndiyo na nyingine ikisema ila, zimeungwa kwa neno la kupingana, na hakuna mwalimu anayesema kwamba muungano huo umevunjika. Mwanasarufi hakudai kukubaliana. Alidai sentensi zote mbili zisikike, na uhusiano wao ujulikane. Lau wanasiasa wetu wangelijua hilo, tusingekuwa tukisikia kila mwaka kwamba mwenye kutoa neno la lakini ndani ya muungano ni msaliti.

Tena neno kuunganisha lenyewe limejengwa kwa namna inayofundisha. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, kama wanaisimu wanavyoiita, yaani neno lake ni vipande vilivyoshikana bila kuyeyukiana. Katika tutaunganishwa, tu ni sisi, ta ni wakati ujao, ung ni mzizi, an ni kutendana, ish ni kusababisha, w ni kutendwa, na a ni ya mwisho. Mtoto wa shule anaweza kuvitenga vyote. Angalieni sasa mpangilio: kutendana kuko karibu zaidi na mzizi, na kusababisha kumekuja nyuma yake. Kuunganisha ni kusababisha wawili waungane wenyewe. Anayeunganisha hana uwezo wa kumuunga mtu na mwenzake ikiwa wao hawaungani. Kazi yake ni ya pili. Sisemi kwamba waliounda lugha walikusudia falsafa. Nasema tu kwamba mpangilio wa viambishi unakubaliana na matendo kuliko hotuba zetu zinavyokubaliana nayo. Ndivyo ilivyo pia kwa kuunga mkono. Bungeni Dodoma wabunge husimama na kusema naunga mkono hoja, kisha wengine humaliza dakika zao zote wakieleza kasoro zake. Mkono wa pili umewekwa penye mkono wa kwanza. Mtoa hoja ni yule yule, na mwenye mkono anaweza kuuondoa.

Kwa kuwa tuko Kangeta, mji ambao jina lake limekuwa jina la aina ya miraa sokoni hadi pwani, kuna kitenzi cha tatu ambacho hakipaswi kupita bila kutajwa. Shurba kumi, yaani vitita vidogo vya miraa, zikikusanywa na kufungwa kwa kamba ya mgomba hupatikana bunda moja. Hapa watu husema kufunga, hawasemi kuunga, na wako sahihi. Shurba hazishikani zenyewe. Zinashikwa na kamba iliyotoka nje, na kamba ikikatwa zinatawanyika mezani kama hazijawahi kujuana. Kwa hiyo tuna vitenzi vitatu. Kuchanganya huvifuta vitu ndani ya kitu kipya. Kufunga huviweka pamoja kwa nguvu ya nje. Kuunga huvishikanisha vyenyewe kwa vyenyewe na kuviacha na majina yao. Mingi ya miungano ya siasa zetu, nikiamua kusema wazi, ni mabunda: kamba ni mtu mmoja au mfuko wa mtu mmoja, na siku kamba inapokatika tunashangaa kwa nini hakuna aliyemshika mwenzake.

Sheria ya Kenya inazijua tofauti hizi kuliko magazeti yanavyozijua. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 ina kifungu cha 10 kuhusu vyama kushirikiana kwa mkataba huku kila kimoja kikibaki chama, na kifungu cha 11 kuhusu vyama kuvunjwa ili viwe chama kimoja. Ni mambo mawili. Sisi tunayaita yote muungano. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee ulikuwa wa aina ya kwanza: vyama vya TNA na URP vilisimama bega kwa bega, kila kimoja na ofisi zake. Septemba 2016, pale Kasarani, vyama hivyo na vingine kadhaa vilivunjwa kikazaliwa Chama cha Jubilee. Miongoni mwa vilivyovunjwa kilikuwamo APK, chama cha alama ya basi kilichoongozwa na Kiraitu Murungi na kilichokuwa na mizizi hapa Meru. Tuliambiwa kwamba umoja sasa umekamilika. Mwaka 2021 basi lilirudi barabarani kwa jina la DEP, nalo likaingia muungano wa Azimio likiwa chama mshirika. Sitaki kuhukumu nia ya yeyote. Ninachokiona ni kwamba watu waliokuwa na chama chao walikiyeyusha katika kikubwa, wakakosa mahali pa kushikia, wakalazimika kukijenga upya kabla ya kuweza kuungana na mtu yeyote. Asiye na umbo lake hana pa kuungwa.

Hata majina tuliyokuwa tukiyapa mambo haya yanaonyesha kwamba wananchi walielewa kuliko viongozi. Baada ya damu ya 2007 na 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008, na serikali iliyotokana nayo ikaitwa serikali ya mseto. Mseto ni mchele na choroko katika sufuria moja, na mlaji anaziona punje za kila upande. Wenye dhihaka waliiita serikali ya nusu mkate. Ilikuwa serikali ya magomvi, polepole, yenye baraza la mawaziri kubwa kupita kiasi, na mshono wake ulionekana kila wiki. Ilisaidia kusimamisha mauaji, ikadumu hadi 2013, na ndani ya muda wake nchi ilipata Katiba ya 2010. Katiba hiyo nayo, katika kifungu cha 6, inasema kwamba serikali ya taifa na za kaunti ni tofauti na zinategemeana. Waandishi wake hawakuona mgongano kati ya maneno hayo mawili, nami sioni.

Wameru hawakungoja Katiba. Tukisema Ameru tunataja Igembe, Tigania, Imenti, Miutini, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka na Tharaka, na mtu wa Igembe hakupungua Umeru kwa kujiita Mwigembe. Mapokeo ya kutoka Mbwaa yanasimulia koo zilizovuka maji kwa nyakati tofauti, zikapata majina ya rangi, nyeusi, nyekundu na nyeupe, na rangi hizo hazikuchanganywa zikawa kijivu. Njuri Ncheke, yenye makao yake Nchiru kule Tigania, huwakutanisha wazee wa sehemu mbalimbali, na mzee huketi pale akiwa wa kwao. Mwaka 1992 serikali iliigawa Meru ya zamani ikazitenga Tharaka-Nithi na Nyambene. Tangu 2013 Nyambene iko ndani ya Kaunti ya Meru na Tharaka-Nithi ni kaunti ya peke yake. Mistari ya utawala imehama mara kadhaa katika maisha ya mtu mmoja, na majina ya sehemu hayajahama. Embu hali ni hiyo hiyo: kaunti moja imewaunga Waembu na Wambeere, ambao walikuwa na wilaya yao tangu 1996, na kila mgao wa bajeti unaulizwa umefika upande gani wa mshono. Swali hilo linakera. Ni swali halali.

Hapo ndipo jumuiya ya GEMA inapoingia. Ilianzishwa 1971 kwa herufi zilizosimama moja moja: Gikuyu, Embu, Meru. Baadaye, chini ya uenyekiti wa Njenga Karume, ikawa nguvu kubwa ya siasa na biashara, na mwaka 1980 vyama vyote vya kikabila vilipopigwa marufuku nayo ikaondoka. Yapo mengi ya kuikosoa. Lakini jina lake lilikuwa jina la kuunga; herufi ya Meru ilionekana kwa macho, na mtu angeweza kuuliza imepata nini. Jina lililoshika nafasi yake katika siasa za leo, Mlima Kenya, halina herufi. Ni jina zuri la mahali, ila ndani yake haijulikani nani amesema na nani amesemewa. Haikuwa ajabu basi kwamba, hasa tangu misukosuko ya 2024 katika ofisi ya naibu wa rais, tumeanza kusikia kwa nguvu Mlima Kenya Mashariki na Magharibi. Watu wanautafuta mshono uliofutwa bila kujadiliwa.

Majirani zetu wana kisa kikubwa zaidi. Tarehe 22 Aprili 1964 Julius Nyerere na Abeid Karume walitia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 nchi mpya ikazaliwa. Jina lake lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Hati zilitaja mambo 11 yaliyoungwa. Mengine ya Zanzibar yakabaki ya Zanzibar. Huu ulikuwa mshono uliochorwa kwa kalamu. Katika sherehe, hata hivyo, Nyerere alipigwa picha akichanganya udongo wa pande mbili katika chungu kimoja. Picha hiyo imeingia katika vitabu vya shule na kumbukumbu za kila raia, nami naiona kuwa ilikosea kuonyesha hati zilisema nini: udongo uliochanganywa hautengeki, wala hauna mambo 11. Oktoba mwaka huo huo jina likawa Tanzania, herufi za pande zote zikakorogwa, na kiunganishi na kikatoweka. Tangu hapo ubishi haukwisha. Aboud Jumbe alilazimika kuachia urais wa Zanzibar mwaka 1984 katika mzozo wa suala la muundo. Mwaka 1993 wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika. Mwaka 2013 Tume ya Jaji Joseph Warioba ikapendekeza serikali tatu. Katika muda huo wote orodha ya mambo ya Muungano imekua kutoka 11 hadi 22. Waliozungumza kutoka pande hizo hawakubaliani hata kidogo kuhusu jibu, ila wote walikuwa wakiuliza swali moja: mshono uko wapi, na nani ameruhusiwa kuusogeza?

Mtu atanijibu kwamba Muungano huo umedumu zaidi ya miaka 60 pamoja na udongo wake, na kwamba miungano yenye mshono wazi kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka 1977, miaka kumi tu baada ya kuundwa. Hoja hii ni nzito kuliko zote nitakazozitaja. Kuhusu Tanzania, nadhani imedumu kwa sababu, licha ya picha, mshono mmoja haukufutwa: Zanzibar ilibaki na rais wake, serikali yake, na tangu 1980 Baraza la Wawakilishi. Malalamiko yaliyo magumu kuyajibu yanatoka upande ambao umbo lake lilipotea, yaani Tanganyika, na kwa Wazanzibari wanaoona serikali ya Muungano na serikali ya Tanganyika zikivaa koti moja. Kuhusu Jumuiya, ni kweli ilivunjika, na hasara ilikuwa ya kweli: shirika la ndege, reli na bandari vikagawanywa kwa ugomvi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka. Lakini Kiswahili kinatofautisha kuteguka na kuvunjika. Kilichoteguka kimeachia kwenye kiungo. Mifupa ni mizima, na fundi anaweza kukirudisha. Nchi zilizoachana 1977 zilikuwa bado nchi, kila moja na sahihi yake, ndiyo maana ziliweza kukaa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kutia saini mkataba mpya.

Pingamizi jingine ni kwamba kuupa heshima mshono ni kuupa ukabila kibali. Kwamba tukitaja Igembe na Tigania, Embu na Mbeere, tunawafundisha vijana kugawanyika. Nauelewa woga huo, kwa nchi iliyopitia 2008. Lakini woga huo unadhani kwamba jina lisilotajwa halipo. Majina haya yapo, yanatajwa usiku na wagombea wanaoyakana mchana, na kuyanyamazisha kunawaachia wao peke yao faida ya kuyatumia. Zaidi ya hayo, kutaja mshono si kukataa kushikana. Mkulima anayelitambua kovu la avokado ndiye anayejua pa kukata chipukizi na pa kuacha. Asiyelitambua atamwagilia vyote, na miaka ikipita atashangaa kuvuna matunda asiyoyapanda.

Kuna pia mwenye kusema kwamba kamusi si katiba, kwamba maneno hubadilika, na kwamba kama Wakenya wameamua muungano uwe na maana ya kumezana, basi hiyo ndiyo maana yake. Ni kweli maneno hubadilika. Ila hili halijabadilika bado: watu wale wale wanaopigia makofi kumezana jukwaani wanaunga miche, wanaunga mboga, wanaosha maungo na kusahihisha viunganishi vya watoto wao kwa maana ile ile ya zamani. Maana mpya inaishi kwenye vipaza sauti tu. Na hata kama siku moja itashinda, sheria ya 2011 itaendelea kuwa na vifungu viwili tofauti, na atakayeshindwa kuvitofautisha kwa maneno atashindwa kuvitofautisha kwa kura.

Mwaka 2022 baadhi ya vyama vilivyokuwa Azimio vilitaka kutoka kabla ya uchaguzi, vikalalamika kwamba havikuonyeshwa mkataba viliokuwa vimefungwa nao. Viongozi wa vyama, wenye mawakili, hawakuusoma mshono wao wenyewe! Sheria inadai mkataba wa vyama vinavyoungana uandikwe na uwekwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, ukieleza maamuzi yatafanywaje, migogoro itaamuliwaje, na muungano utavunjwa kwa sababu zipi. Basi nawaomba jambo moja. Atakayekuja Kangeta kutuambia tuungane naye, asipewe kiti mpaka ameleta karatasi hiyo, isomwe hadharani kwa Kiswahili na kwa Kimeru, na walimu waliomo humu wawe wa kwanza kuiulizia.